Skripti: neno lililoanza na mkwaruzo

Msomaji wetu wa Tanga ameandika hivi: «Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha maigizo. Mwongozaji wetu kila siku anadai skripti. Kaka yangu akitazama mieleka kwenye televisheni husema ile ni "scripted", yaani uongo mtupu. Rafiki yangu wa kompyuta anasema ameandika script ya kufanya kazi usiku yeye akiwa amelala. Na shangazi yangu aliyeko Afrika Kusini huenda duka la dawa na script. Je, hili ni neno moja au ni maneno manne yanayofanana? Limetoka wapi? Na sisi tuliite nini kwa Kiswahili?»

Marahaba, mwanangu. Ni neno moja, na maana zote nne zimetoka tumbo moja. Hilo ndilo jibu fupi. Lakini hilo la kaka yako, kwamba kilichoandikwa kabla ni uongo, ni maana changa sana katika ukoo huu, na imewatia watu wengi aibu ya bure. Kwa hiyo nivumilie, nianzie mbali.

Warumi wa kale waliandika mambo yao ya kila siku juu ya vibao vya mbao vilivyochimbwa kidogo katikati na kujazwa nta. Kalamu yao ilikuwa kijiti cha chuma chenye ncha upande mmoja na ubapa upande wa pili. Haikutia wino, ilikwaruza nta. Ukikosea, uligeuza kalamu, ukalainisha kwa ule ubapa, ukaanza tena. Kati ya mwaka 2010 na 2014, wanaakiolojia waliochimba kiwanja cha jengo la Bloomberg katikati ya London walipata vibao 405 vya namna hiyo, vimehifadhiwa na tope. Nta ilikwisha kupotea zamani. Lakini katika baadhi ya vibao mwandishi alikandamiza mkono kiasi kwamba ncha ilipenya nta ikachora mbao yenyewe, na michoro hiyo bado inasomeka. Kimoja kina tarehe: Januari 8, mwaka 57. Ndani yake mtu aitwaye Tibullus, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru, anakiri kwamba anadaiwa na Gratus dinari 105, bei ya bidhaa alizouziwa na akaletewa.

Mkwaruzo huo ndio «script» ya kwanza. Kwa Kilatini kuandika ni «scribere», na kilichoandikwa ni «scriptum». Wataalamu wa historia ya lugha hulirudisha neno hilo kwenye mzizi wa kale zaidi wenye maana ya kukata au kuchanja. Waingereza nao, kabla hawajakopa chochote kutoka Kilatini, walikuwa na neno lao la kuandika, «write», na lenyewe katika lugha za kale za Kijerumani lilikuwa na maana ileile ya kukwaruza na kuchonga. Ulaya nzima inakumbuka ncha ya kalamu.

Sasa tazama kitenzi chetu. Kuandika, katika Kiswahili cha zamani, ni kupanga vitu kwa utaratibu, kila kimoja mahali pake. Ndiyo maana mpaka leo tunasema kuandika meza: sahani hapa, bilauri pale, kitambaa kimekunjwa. Herufi zilikuja kuandikwa kwenye karatasi kama sahani zinavyoandikwa mezani. Wao walitazama kalamu inavyouma mbao, sisi tukatazama mpangilio unaobaki. Nimefundisha lugha miaka mingi, na jambo hili bado hunisimamisha kila ninapolifikia, kwa sababu andiko la mchezo ni karibu zaidi na meza iliyoandikwa kuliko na jeraha kwenye nta. Limepanga nani aanze, nani afuate, nani anyamaze.

Turudi njiani. Kilatini kilizaa Kifaransa, na Wafaransa wa kale wakawa na «escrit» au «escript». Neno likavuka bahari likaingia Kiingereza katika karne ya 14, likiandikwa «scrit». Baadaye wasomi waliokipenda Kilatini wakairudisha ile herufi P iliyokuwa imedondoka. Lakini kwa mamia ya miaka maana yake ilikuwa pana na ya kawaida tu: maandishi, karatasi yenye maneno. Jukwaa halikuwamo.

Watu wa jukwaani wenyewe walikuwa na maneno mengine. Siku za Shakespeare, mchezo mzima ulioandikwa uliitwa «kitabu», na mtu aliyesimama kando akiwakumbusha waigizaji maneno aliitwa mshika kitabu. Shakespeare mwenyewe, katika mchezo wake uitwao «A Midsummer Night's Dream», ule wa ndoto ya usiku wa kiangazi, anamtia fundi mfumaji kinywani neno «scrip», lakini fundi huyo anazungumzia orodha ya majina ya waigizaji, anataka waitwe mmoja mmoja kufuatana nayo.

Mwigizaji wa zama hizo hakupewa mchezo mzima. Kunakili kwa mkono ni kazi ndefu na karatasi ilikuwa ghali, na kampuni haikutaka nakala kamili zizagae zikaishia mikononi mwa washindani. Kila mtu alipewa maneno yake peke yake, yamenakiliwa kwenye vipande vya karatasi vilivyogundishwa kimoja chini ya kingine mpaka vikawa ukanda mrefu unaoviringishwa. Mmoja wa kanda hizo umebaki, na unatunzwa katika shule ya Dulwich College, London. Ulikuwa wa Edward Alleyn, mwigizaji aliyetamba miaka ya 1590, alipocheza Orlando katika mchezo wa Robert Greene. Ukiutazama unaona hotuba zake, na kabla ya kila hotuba kuna mstari mrefu uliochorwa, kisha neno moja, mawili au matatu ya mwisho ya yule anayezungumza kabla yake. Jina la mzungumzaji halimo. Alleyn alitakiwa kusimama jukwaani akitega sikio: akisikia maneno hayo mawili, zamu yake imefika. Kuna mahali mnakili ameacha nafasi wazi, pengine hakuweza kuusoma mwandiko, na nafasi hizo zimejazwa kwa mkono wa Alleyn mwenyewe.

Karatasi hiyo iliyoviringishwa, kwa Kifaransa «rôle», ndiyo iliyozaa «role» ya Kiingereza, tunayoiita nafasi ya mhusika au dhima. Mtu akisema anacheza dhima fulani katika jamii, ndani ya lile neno la Kiingereza umefichika msokoto wa karatasi.

Basi «script» iliingia lini ukumbini? Mwishoni mwa karne ya 19 tu. Wakati huo waandishi walipeleka kwenye kumbi kile walichokiita «manuscript», yaani kilichoandikwa kwa mkono, na watu wa jukwaani, ambao hawana muda wa maneno marefu, wakakata kichwa wakabaki na mkia. Ajabu yake ni kwamba ufupisho huo ulishika katika miaka ileile ambayo mashine ya kupiga chapa ilikuwa inaenea, mkono wenyewe unaacha kuandika. Jina la kazi ya mkono likabaki kwenye karatasi iliyopigwa kwa mashine.

Hizo karatasi za mashine nazijua kwa vidole vyangu. Nilipokuwa nikiongoza kikundi cha maigizo cha wanafunzi, tulikuwa na mashine moja ya chapa na pakiti moja ya karatasi za kaboni. Unapanga karatasi nyeupe, kaboni, nyeupe, kaboni, unagonga kwa nguvu zako zote. Nakala ya kwanza inang'aa, ya pili ni nzuri, ya tatu inavumilika. Ya nne ni kivuli. Mara moja msichana aliyepewa ya nne alisimama jukwaani akasema kwa sauti kuu kwamba mtoto wake amekufa kwa «njia», kwa sababu ile A ilikuwa imefifia ikawa kijiti. Ukumbi ulinyamaza, na yeye akaendelea kana kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Siku ya pili nilikata nakala ya nne vipande, nikampa kila mmoja maneno yake tu, nimeyapitia tena kwa wino. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa nafanya kazi ya mnakili wa Alleyn.

Sinema ilipokuja ililikuta neno hili changa jukwaani. Mwanzoni watu wa filamu walipendelea «scenario», neno la Kiitaliano lililotoka kwenye michezo ya barabarani na viwanjani. Waigizaji wa Kiitaliano wa namna hiyo hawakuandikiwa mazungumzo. Walikuwa na muhtasari wa matukio, nani anaingia na kwa nini, na maneno waliyatunga papo hapo. Flaminio Scala alichapisha mihtasari 50 ya aina hiyo huko Venice mwaka 1611. Nakutajia hilo ujue kwamba kuandikiwa kila neno hakujawahi kuwa sharti la kuigiza. Mtambaji wetu anaposema «Paukwa?» na watoto wakajibu «Pakawa!», pale pana mpango uliotangulia, pana zamu, pana neno la kumwamsha mwingine, na karatasi haipo.

Kuna nchi ambako karatasi ilikuwa lazima kwa sheria. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1737 kwamba kila mchezo mpya upelekwe kwa Lord Chamberlain, afisa mkuu wa kasri la mfalme, siku 14 kabla haujachezwa. Asipoupenda, hauchezwi. Akitaka mstari ufutwe, unafutwa. Sheria hiyo ilibadilishwa hapa na pale lakini udhibiti wenyewe ulidumu mpaka 1968. Fikiri maana yake: kwa zaidi ya miaka 230, kutunga neno papo hapo jukwaani lilikuwa kosa linaloweza kukupeleka mahakamani. Na watu walipelekwa. Mwaka 1958 mwongozaji Joan Littlewood na wenzake wa kikundi cha maigizo cha Theatre Workshop, mashariki mwa London, walitozwa faini kwa sababu waigizaji walisema maneno ambayo hayakuwamo katika andiko lililoidhinishwa. Leo nakala nyingi zilizopelekwa kwa mdhibiti zinatunzwa na British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, na michezo ambayo ingekwisha kupotea inasomeka kwa sababu mtu aliyetaka kuifuta aliiweka kabatini.

Mtindo huo wa vibali ulifika hadi kwetu pamoja na ukoloni, na haukuondoka nao. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliwapelekea wanakijiji andiko la mchezo kwa Kigikuyu. Wanakijiji hawakulipokea kama amri ya bwana shamba. Walisahihisha lugha ya wazee iliyokosewa, wakaongeza nyimbo wanazozijua, wakaeleza mshahara wa kiwandani unavyohesabiwa hasa, maana wao ndio waliokuwa wakilipwa. Mchezo ulianza kuonyeshwa Oktoba. Kabla ya Novemba kwisha serikali ilikuwa imefuta kibali, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Kila ninapoulizwa andiko la mchezo ni mali ya nani, nakumbuka wale watu wa Limuru.

Sasa nimjibu kaka yako. «Scripted» kwa maana ya uongo ilipata nguvu kutokana na redio na televisheni za Marekani, na ipo sababu ya haki kabisa. Miaka ya 1950 Wamarekani walipenda sana vipindi vya maswali na majibu vyenye zawadi nono. Mshindi mmoja, Charles Van Doren, mhadhiri wa chuo kikuu, alikuwa kipenzi cha taifa kwa jinsi alivyokuwa akikunja uso na kujifuta jasho akitafuta jibu. Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya bunge la nchi hiyo kwamba majibu alikuwa akipewa kabla, na hata ule ugumu wa kufikiri alikuwa akielekezwa jinsi ya kuuonyesha. Mwaka uliofuata sheria ilipitishwa kupiga marufuku upangaji wa namna hiyo. Watu walidanganywa kweli, na hasira yao ilikuwa halali: waliahidiwa mashindano, wakapewa maigizo.

Mieleka ni kesi nyingine. Mwaka 1989 kampuni ya WWF, ambayo sasa ni WWE, iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba mashindano yake ni burudani, ili iondolewe masharti ya udhibiti wa michezo. Kwa hiyo mshindi hupangwa, ndiyo, na halijawa siri tangu wakati huo. Lakini mtu mwenye kilo 120 akirushwa mgongo chini, mgongo unaotua ni wake. Kaka yako ana haki ya kusema imeandikwa. Kosa ni kudhani kwamba kuandikwa ndiko kunakoifanya iwe uongo. Uongo wa Van Doren haukuwa kwenye karatasi, ulikuwa kwenye ahadi aliyopewa mtazamaji. Ninyi mnapowaita watu wa mtaa wenu waje kutazama mchezo, hamjamwahidi mtu kwamba mama yule amefiwa kweli. Mmeahidi mchezo, na mchezo mnawapa. Waigizaji wenu wasione haya kushika karatasi mazoezini.

Ya rafiki yako wa kompyuta ni mepesi. Amri zimeandikwa mstari baada ya mstari, na mashine inazisoma kwa zamu, kama mwigizaji mtiifu asiyeongeza neno wala kusahau. Shangazi yako je? «Script» yake ni kipande cha «prescription». Kwa Kilatini sehemu ile ya mwanzo, «prae», ni mbele au kabla. Neno zima, basi, ni kilichoandikwa mbele: daktari ameandika kabla, mwuza dawa anatekeleza. Sisi tunasema cheti cha dawa.

Ukoo huu una ndugu wengine wengi, nitamtaja mmoja tu. «Conscript» ni mtu aliyeingizwa jeshini kwa lazima. Asili yake ni yule ambaye jina lake limeandikwa pamoja na ya wengine kwenye orodha. Na sisi tunasema fulani ameandikwa kazi. Njia mbili zisizojuana zimefika kwenye kibaraza kimoja.

Wataalamu wa saikolojia pia wamelichukua. Roger Schank na Robert Abelson, mwaka 1977, walilitumia kwa mfululizo wa matendo ambao kila mtu anaujua bila kufundishwa darasani, kama vile kuingia mkahawani, kukaa, kuagiza, kula, kulipa. Mtu wa pwani hahitaji kueleweshwa sana hapo. Piga «Hodi!» mlangoni kwa watu, sikiliza «Karibu!», vua viatu, uulizwe habari za nyumbani, ujibu njema hata kama mtoto anaumwa, ndipo useme mtoto anaumwa. Hakuna aliyekuandikia, na ukiruka hatua moja kila mtu atajua.

Limebaki swali lako la mwisho, tuliite nini. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa, kina ziada. Tamthilia imetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa kufananisha uliotupa pia methali, mithili na mathalani. Lakini darasani tunaitumia kwa kazi nzima ya fasihi, ile inayochapwa na kusomwa. Hati nayo ni ya Kiarabu, kutoka neno lenye maana ya mstari, na inafaa pale «script» inapomaanisha mwandiko au mfumo wa maandishi: tenzi za kale za pwani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu.

Muswada, ambao Kenya huandika mswada, ndio ninaoupenda kuliko yote. Wanakili wa Kiarabu walikuwa na nakala mbili za kila kazi. Ya kwanza, yenye kufutwafutwa na kuchafuliwa kwa wino, waliiita kwa neno linalotokana na weusi. Nakala safi waliiita kwa neno la weupe. Kiswahili kilichukua ile nyeusi tu, kikaipa waandishi wa vitabu na wabunge. Kwa hiyo muswada kwa asili yake ni karatasi iliyotiwa weusi, bado inafanyiwa kazi. Hicho ndicho mlicho nacho mikononi wiki za mazoezi, mwongozaji anapofuta mstari na mwigizaji anapoomba neno jingine kwa sababu lile halitamkiki.

Na skripti? Imekwishaingia. Watu wa filamu Dar es Salaam na Nairobi wanaitamka kutwa, ina kiambishi na wingi wake, na sioni faida ya kupigana nayo. Ningekushauri hivi: kwa filamu sema skripti bila wasiwasi, kwa jukwaa, karatasi ikiwa bado inabadilika ni muswada, ikishatulia, ni andiko la mchezo, na ndani yake mna ule utaratibu wa meza niliokueleza.

Wewe ni katibu, kwa hiyo kazi ya kunakili itakuangukia. Juu ya ukurasa wa kwanza andika neno «Muswada» na tarehe, kila mara unapobadilisha, ili asije mtu mazoezini na karatasi ya mwezi uliopita. Acha nafasi pana upande wa kushoto kwa maelekezo ya jukwaani. Na mpe kila mwigizaji mchezo mzima, siyo maneno yake peke yake, fotokopi siku hizi si ghali kama kaboni yangu. Asome na ya wenzake. Kisha mwambie apige mstari kwa kalamu chini ya yale maneno mawili ya mwisho yanayomtangulia, kama walivyomchorea Alleyn.